Nilijua kabisa, ila sikukumbuka: namna ya kuweka vikumbusho vinavyofanya kazi

Kuna fomu moja niliibeba kwenye begi siku nne mfululizo. Nilitakiwa niipeleke ofisi fulani kabla ya ijumaa kuisha, nilikuwa nimeshaijaza, nimeshasaini, na juu ya hapo nimeandika kwenye daftari kwa herufi kubwa PELEKA FOMU, tena nimepigia mstari mara mbili. Daftari lenyewe likawa kwenye begi hilohilo, limelala na fomu humo ndani kama mapacha, mi napita mbele ya ile ofisi asubuhi na jioni nawaza mambo yangu mengine kabisa. Ijumaa jioni nimeshavua viatu, nimekaa, ndo kichwa kinaniambia "fomu!" Na ungeniuliza saa yoyote katika zile siku nne, we una fomu ya kupeleka? ningekujibu hapohapo bila kufikiri, ndio ninayo, mwisho ijumaa. Kila kitu nilikijua. Kilichokosekana ni mtu wa kunigusa bega nikiwa mbele ya ule mlango.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuchunguza sana haya mambo ya kusahau, nimesoma, nimejaribu vitu vingi, vingine vya kuchekesha, na nachoweza kukwambia ni kwamba wengi tunaojisema "mi kichwa changu kibovu" tunakionea tu hicho kichwa, shida iko mahali tunapoweka vikumbusho. Kikumbusho kinatakiwa kikukute palepale na saa ileile unayoweza kuifanya hiyo kazi. Kikikukuta mapema mno utasema "sawa baadaye", kikikukuta umechelewa kitakuumiza roho tu. Haya yote ninayoandika chini yanazunguka hapo hapo.

Kwanza ujue ni kusahau kwa aina gani

Watu wanachanganya vitu viwili. Kuna kukumbuka kilichopita, jina la mtu, ulichosoma jana, ulipoegesha gari, na kuna kukumbuka la kufanya huko mbele, kwamba jioni nimeze dawa, kwamba nikimuona fulani nimpe ujumbe wake. Hii ya pili ndo inayotuaibisha karibu kila siku. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Gilles Einstein na Mark McDaniel, mwaka 1990 walichapisha utafiti wao wakaigawa tena mara mbili: kuna kazi zinazoitwa na tukio na kuna zinazoitwa na saa. Ya tukio ina msaada wake, maana huyo fulani akitokea tu sura yake inakushtua, eeh bwana nilikuwa na ujumbe wako. Ya saa haina wa kukushtua. Saa tisa kamili inafanana kabisa na saa tisa kasoro dakika moja, hakuna kengele hewani, mpaka mwenyewe ukumbuke kuangalia saa, na ukishazama kwenye kazi nani anaangalia saa.

Kwa hiyo hapa tayari una jambo la kufanya. Kazi yoyote inayotegemea saa usikiachie kichwa hata kidogo, ama iwekee alamu ama igeuze iwe ya tukio. "Saa nne usiku nichaji simu" igeuze iwe "nikizima taa ya sebuleni nachomeka simu". Taa utaizima tu, kila siku unaizima, basi acha taa ifanye kazi ya kukukumbusha.

Kitu kingine, ile nafasi ya mbele kabisa ya akili, pale unaposhikilia mambo unayoyafikiria sasa hivi, ni ndogo kuliko tunavyodhani. George Miller mwaka 1956 aliandika ni kama vitu 7, kuongeza au kupunguza 2, baadaye Nelson Cowan mwaka 2001 akashusha akasema ni kama 4 tu. Vinne! Sasa we unatoka nyumbani umeshikilia kichwani vitu tisa vya kufanya njiani halafu simu inaita, kitakachobaki ni nini. Na hata kuvuka mlango tu kunakuharibia, hii si utani, Gabriel Radvansky na wenzake pale chuo kikuu cha Notre Dame mwaka 2011 walionyesha watu wanaopita mlangoni kwenda chumba kingine wanasahau walichobeba kuliko wanaotembea umbali uleule ndani ya chumba kimoja. Ile hali ya kufika chumbani unasimama katikati unajiuliza "nimefuata nini huku" ina watu wake wanaoisomea kabisa. Dawa yake ndogo: ukiwa unaenda kuchukua kitu kitaje kwa sauti unapotembea. Mkasi, mkasi, mkasi. Watakucheka ila utarudi na mkasi.

Andika hapohapo, na uandike kitendo

Wahenga walishamaliza, mali bila daftari hupotea bila habari. Wazo likija liandike sekunde hiyohiyo, usiseme nikifika nitaandika, maana hapo umejipa kazi mbili za kukumbuka badala ya moja, wazo lenyewe na kuliandika. Kama huwezi kuandika rekodi voisnoti, jitumie meseji mwenyewe, fanya chochote. Kiganjani sishauri, niliwahi kuandika namba ya mlango wa fundi kiganjani nikanawa mikono.

Pa kuandikia pawe sehemu moja tu. Hapa wengi wanaharibu: kidogo kwenye daftari, kidogo kwenye simu, kidogo nyuma ya bahasha, kidogo kwenye meseji ulizojitumia, mwisho wa siku unahitaji kikumbusho cha kukumbusha vikumbusho viko wapi. Chagua moja. Daftari dogo au programu ya simu, mi siwezi kukugombeza kwa lolote, wenye daftari wanasema kuandika kwa mkono kunawasaidia, wenye simu wanasema daftari halipigi kelele, wote wana hoja zao. Cha maana uwe na sehemu moja ambayo ukiiangalia una uhakika hakuna kitu kimejificha kwingine.

Na unachoandika kiwe kitendo kamili ambacho mtu mwingine angeweza kukifanya akikisoma. Nimeshawahi kukuta kwenye orodha yangu neno moja tu, "benki". Benki nini? Nikakaa nalitazama kama nasoma mafumbo. Kumbe nilitakiwa nipige simu kuuliza kadi mpya imefika au bado. Siku hizi naandika "pigia benki uliza kadi mpya, namba iko kwenye barua yao, wanafungua saa mbili". Ndefu ndio, ila nikiifikia naanza kupiga, sianzi kuwaza. Ukigundua kuna kitu kwenye orodha yako kinahama kila siku kutoka ukurasa hadi ukurasa na hukigusi, mara nyingi si uvivu, ni kwamba hakijaandikwa kama kitendo. "Gari" itakaa pale mpaka gari liozee. "Mpigie fundi umuulize ana nafasi lini" inafanyika dakika tatu.

Kitu kiwekwe kwenye njia yako

Hii ndo sehemu ninayoipenda na ndo inayosaidia kuliko zote, na haihitaji simu wala hela. Kitu unachotakiwa kutoka nacho kiweke mahali ambapo huwezi kutoka bila kukigusa. Kwenye kiatu. Kwenye kitasa cha mlango. Juu ya pochi. Fomu kama ile yangu ilitakiwa ifungwe na raba kwenye funguo, sio kulala kwenye begi, maana begi ni mahali pa kubebea vitu, na kitu kikishabebwa akili inaona kimemalizika. Kama kitu hakiwezi kukaa mlangoni, mfano kiko kwenye friji, basi funguo zako ziende kwenye friji. Ndio, weka funguo za gari kwenye friji juu ya hicho kitu, asubuhi utazitafuta dakika moja kwa hasira halafu utafungua friji ucheke. Mi nafanya hivyo mpaka leo.

Kanuni ni ileile ukiigeuza upande mwingine: unaposafiri ukachomeka chaja ukutani kwenye chumba cha wageni, kitu ambacho huwezi kuondoka bila hicho, kama kiatu kimoja, kiweke chini ya hiyo chaja. Na kwa wazazi wenye watoto wadogo wanaolala kwenye kiti cha nyuma cha gari, hili nalisema bila masihara, weka mkoba wako au kiatu chako cha kushoto huko nyuma pembeni ya mtoto kila safari. Mzazi anayempenda mwanawe anaweza kabisa kupitiliza moja kwa moja kazini siku ambayo ratiba imebadilika, kwa sababu akili inaendesha kwa mazoea na mtoto amelala kimya, na imeshatokea kwa watu makini sana. Usiseme mimi siwezi.

Vile vikaratasi vya rangi vyenye gundi navyo vina mahali pake. Kwanza historia yake tu inafurahisha: Spencer Silver wa kampuni ya 3M alipata mwaka 1968 gundi dhaifu ambayo hakuna aliyejua ya kazi gani, ikakaa miaka, mpaka mwenzake Art Fry, aliyekuwa anaimba kwaya kanisani na vikaratasi vya alama vinamdondoka kwenye kitabu cha nyimbo, akaona hiyo gundi ndo suluhisho lake mwaka 1974. Yaani kile kikaratasi kilizaliwa na mtu aliyekuwa na shida kama zetu hizihizi. Ila kina ugonjwa mmoja, kinakufa machoni. Siku ya kwanza unakiona, siku ya tatu unakiona nusu, siku ya saba kimeshakuwa sehemu ya ukuta, unapita nacho kama picha ya zamani. Kwa hiyo kibandike siku ileile ya kazi, au jana yake usiku, sio wiki nzima kabla. Kiweke mahali pa ajabu kidogo, katikati ya kioo usawa wa pua, juu ya skrini ya laptopu, na kazi ikiisha king'oe hapohapo, maana kikaratasi cha kazi iliyoisha kinaifundisha akili kuvipuuza vingine vyote.

Na ukitaka kitu kikushtue zaidi kiwe cha kipekee. Todd Rogers na Katherine Milkman mwaka 2016 walichapisha majaribio yao ambapo wateja wa mgahawa walipewa kuponi ya kutumia siku fulani, na baadhi wakaambiwa siku hiyo mtaona mdoli wa kiumbe wa sayari nyingine amekaa pale karibu na keshia, awe kikumbusho chenu. Walioambiwa habari za mdoli walikumbuka kutumia kuponi kuliko wenzao. Huhitaji mdoli. Geuza picha ya ukutani kichwa chini. Weka kiti katikati ya korido. Vaa saa mkono wa pili. Wazee waliokuwa wanafunga fundo kwenye leso walikuwa wanajua wanachokifanya, tatizo la fundo ni moja tu, linakukumbusha kwamba kuna kitu, halikwambii ni kitu gani, kwa hiyo unapofunga fundo au unapogeuza picha sema kwa mdomo kabisa, "nikiiona hii picha imegeuka, maana yake nimpigie mama."

Alamu, hapa ndo watu wanadanganyana

Kila mtu ana alamu kwenye simu na kila mtu bado anasahau. Kwa nini? Kwa sababu tunaziweka saa ya tukio wakati tulitakiwa tuziweke saa ya kuanza kujiandaa. Kikao saa nne, alamu saa nne, sasa hiyo ni alamu au ni taarifa ya msiba. Weka mbili, moja ya kujiandaa na moja ya kutoka mlangoni, na kila moja iwe na jina. Alamu isiyo na jina ikilia unaizima halafu unakaa unajiuliza ilikuwa ya nini, nadhani hakuna asiyejua hilo. Jina liwe kama kile kitendo cha kwenye orodha, "vaa, chukua bahasha ya bluu, toka".

Halafu chagua saa ambayo utakuwa na uwezo wa kufanya. Alamu ya kumpigia mtu simu ikilia uko kwenye usukani au katikati ya kikao umejitukana bure, utaizima na kazi itapotea jumla. Jiulize, saa hiyo nitakuwa wapi, mikono yangu itakuwa inafanya nini. Simu nyingi siku hizi zinaweza pia kukukumbusha kwa mahali badala ya saa, ukifika kazini au ukiondoka nyumbani inalia, na kwa mtu kama mimi wa ile fomu hiyo ilikuwa dawa tosha.

Kanuni yangu nyingine ambayo niliijutia kabla ya kuifuata: alamu haizimwi mpaka kazi imeanza. Sio imalizike, ianze. Ya dawa inazimwa kidonge kikiwa mkononi. Ukishaizima "nakuja sasa hivi" umerudi palepale kwenye kutegemea kichwa, na kichwa tulishakubaliana kina nafasi nne. Kama kweli huwezi sasa hivi bonyeza kuahirisha, usizime, na kama unajikuta umeahirisha mara tatu basi hiyo saa sio yake, ihamishe.

Na punguza kelele. Mahospitalini hili ni tatizo linalojulikana kabisa, mashine zinalia mno, nyingi bila sababu, mpaka wahudumu masikio yanazoea na mlio wa kweli unapita. Simu yako ni hivyohivyo, kama inalia kwa kila grupu na kila tangazo, alamu ya dawa italia humohumo kama mtu anayeita jina lako sokoni. Zima notifikesheni za visivyo na maana na hizi za kazi zipe mlio wake peke yake usiofanana na kitu kingine.

Ukifanya vizuri alamu inasaidia sana, hata kwa wenye shida kubwa kuliko zetu. Kule Uingereza Barbara Wilson na wenzake mwaka 2001 walichapisha utafiti wa watu 143 wenye matatizo ya kumbukumbu na kupanga mambo, wengi kutokana na majeraha ya ubongo, waliopewa peja, vile vifaa vidogo vya kubeba mfukoni au kiunoni, vinavyolia na kuonyesha ujumbe mfupi saa ya kazi, na zaidi ya asilimia 80 ya waliomaliza majaribio walifanikiwa zaidi kutimiza mambo yao wakiwa na peja kuliko wakiwa hawana. Peja! Wengine hapa hata hamjawahi kuiona. Ujumbe mfupi kwa saa yake, basi.

Sentensi ya "nikisha"

Hii ni rahisi mpaka inaonekana ya kitoto. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameitafiti miaka mingi na makala yake ya 1999 ndo inatajwa sana. Badala ya kusema "nitakuwa nafanya mazoezi ya mgongo", unasema "nikisha piga mswaki asubuhi, nalala chini nafanya mazoezi ya mgongo". Nikisha hivi, nafanya vile. Ile nusu ya kwanza lazima iwe kitu ambacho tayari kinatokea kila siku na kina mwisho unaoonekana. "Nikiwa na nafasi" sio nusu ya kwanza, hiyo nafasi haiji. "Asubuhi" pia haitoshi, asubuhi ni ndefu. "Nikisha weka kikombe kwenye sinki" hapo sawa. Isome sentensi kwa sauti mara mbili tatu, jione kabisa unaweka kikombe na unageuka, halafu iache. Wengi wanaipita hii kwa sababu haina programu ya kupakua.

Usirundike tu. Sentensi mbili tatu kwa wakati mmoja zinatosha mpaka zizoeleke.

Mambo ya kila siku: nimefanya au sijafanya?

Kwa kazi za kila siku tatizo linageuka. Hukusahau kufanya, ila huna hakika kama umefanya, kwa sababu leo inafanana na jana na kumbukumbu ya kufunga mlango jana ipo imekaa pale inajifanya ya leo. Hapa ndo watu wanarudi njia nzima kuangalia pasi.

Kwa dawa usicheze kabisa na kichwa. Tafuta kile kiboksi chenye vyumba 7 vya siku za wiki, au 14 kama ni asubuhi na jioni, unajaza siku moja kwa wiki, chumba cha leo kikiwa kitupu umemeza, kikiwa kimejaa hujameza, mjadala umeisha. Kabla hujahamishia dawa humo muulize mfamasia, kuna zinazotakiwa zibaki kwenye pakiti yake. Kama huna kiboksi geuza chupa kichwa chini ukishameza na usiku irudishe, au weka alama kwenye kalenda palepale zilipo dawa. Na ikitokea huna uhakika kama umemeza, usimeze tena kwa kubahatisha, soma karatasi ya dawa au piga simu kwa mfamasia, maana kwa baadhi ya dawa kumeza dozi mbili ni hatari kuliko kuikosa moja.

Kwa mlango, jiko, pasi, jifunze kwa wafanyakazi wa treni wa Japani. Wao wanaonyesha kwa kidole na kutamka kwa sauti kila wanachokagua, taa ya kijani, kidole, "kijani!" na majaribio ya taasisi ya utafiti wa reli ya huko mwaka 1994 yalionyesha makosa yalipungua karibu asilimia 85 kwenye kazi rahisi. Ukifunga mlango elekeza kidole sema "nimefunga, jumatano". Hiyo "jumatano" ndo siri, inaitofautisha na ya jana. Kama unaona aibu piga picha ya swichi kwa simu, saa ya picha itakutetea ukianza kuingiwa na wasiwasi njiani. Ila kama unajikuta unarudi kukagua mara tano na picha unayo mkononi, hapo tatizo sio kumbukumbu, ni wasiwasi, na una matibabu yake.

Kuna pia ugonjwa wa kusahau kipande cha mwisho. Umetoa nakala, nakala umechukua, karatasi halisi umeiacha kwenye mashine. Umetoa hela kwenye ATM, kadi umeiacha. Michael Byrne na Susan Bovair mwaka 1997 waliliandikia hili: ukishapata ulichokifuata akili inafunga faili, vilivyobaki vinadondoka. Ndo maana mashine nyingi zinakulazimisha utoe kadi kwanza ndipo zikupe hela. Fanya hivyohivyo mwenyewe, kabla hujaanza weka rehani. Unapoweka karatasi halisi kwenye mashine ya fotokopi weka na simu yako pale juu ya kifuniko. Simu hutaiacha.

Orodha ya kukagua kwa mambo yanayojirudia

Tarehe 30 Oktoba 1935, Ohio, ndege mpya ya Boeing, Model 299, iliruka kwenye maonyesho mbele ya jeshi ikapanda kidogo ikaanguka. Ndege haikuwa mbovu. Rubani mzoefu kabisa alisahau kufungua kufuli la mabawa ya mkia lililowekwa ikiwa chini. Marubani hawakusema tuajiri wenye akili zaidi, waliandika orodha fupi ya kukagua kabla ya kuruka, na aina hiyohiyo ya ndege baadaye ikawa B-17, ndege ya kivita ya kudondosha mabomu, iliyotumika kwa maelfu. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2008 lilitoa orodha ya kukagua kwenye upasuaji, ina vipengele 19 tu, na wanaoisoma ni mabingwa. Kwa hiyo usione haya kuwa na orodha ya kusafiri. Iandike mara moja, ihifadhi, kila ukirudi safari ongeza ulichosahau na futa ulichobeba bure, baada ya safari tatu nne itakuwa imeiva. Iwe fupi, ikizidi ukurasa hutaisoma, na vitu unavyokumbuka siku zote usiviandike, huna haja ya kuandika "suruali".

Kuhusu wenzio nyumbani

Mke au mume sio alamu. "Nikumbushe kesho" ni kumhamishia mwenzio kazi, sasa yeye ndo anabeba kichwani, na siku akisahau unamlaumu kwa mambo yako. Kalenda moja ya wote, ya ukutani au ya simu, kila mtu anaandika yake na kila mtu anaiona, na jumapili jioni mnakaa dakika kumi mnaipitia wiki inayokuja. Hizo dakika kumi ni lazima hata kama unaishi peke yako, maana orodha isiyopitiwa inageuka kaburi la nia njema, na ukishaacha kuiamini akili inaanza tena kushikilia kila kitu yenyewe.

Kuna wanaosema ukitegemea haya akili italala. Mi nawauliza, mbona watafiti wamekuta wazee kwenye majaribio ya maabara wanashindwa na vijana kukumbuka la kufanya, lakini ukiwapa kazi za kufanya kwenye maisha yao ya kawaida nyumbani wazee mara nyingi wanawapita vijana? Inasemekana sababu mojawapo ni hiyohiyo, mzee anaandika, anaweka kalenda, ana utaratibu, kijana anasema nitakumbuka.

Mbinu za kichwani kama ile ya kupanga vitu kwenye vyumba vya nyumba unayoijua, inayosimuliwa kwamba ilianza na mshairi Simonides wa Ugiriki ya kale, ni nzuri kwa kushika hotuba au orodha ukiwa huna kalamu. Ila haikuamshi saa tisa. Itumie kwa kazi yake.

Ukiona imezidi

Kabla hujajilaumu angalia usingizi, maana asiyelala hakuna kikaratasi kitakachomuokoa. Baadhi ya dawa za usingizi na za mzio zinafifisha kumbukumbu, sonona pia, tezi ya shingo isipofanya kazi sawasawa, upungufu wa vitamini B12, na wapo watu wazima wenye ADHD, ile hali ya akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja, ambao hawakuwahi kugunduliwa utotoni. Mengi ya haya yanatibika. Kusahau ulipoweka funguo ni kawaida, kushika funguo usijue ni za nini, kupotea njia unayopita kila siku, kuuliza swali lilelile ndani ya saa moja, au watu wa nyumbani kuona umebadilika wakati we huoni, hapo nenda kwa daktari usisubiri. Na usiende mikono mitupu, andika matukio yenyewe na tarehe zake kwa wiki mbili tatu, orodhesha na dawa zote unazotumia, enda na mtu mnayeishi naye. Hiyo karatasi ifunge na raba kwenye funguo usiku wa kuamkia miadi, na alamu iweke ya saa ya kutoka nyumbani.